Nyumba ya hisani hujengwa kabla ya tofali la kwanza

Wiki yoyote ile ukifungua simu hukosi kuiona video hii. Bibi amesimama mbele ya kibanda cha miti na udongo, ukuta umelala upande mmoja, juu kuna nailoni iliyokandamizwa kwa mawe. Kijana mwenye kamera anamuuliza hulala wapi mvua ikinyesha. Namba ya kuchangia inapita chini ya kioo. Baada ya siku saba, pengine tatu, tunarudishwa pale pale: nyumba ya rangi ya maziwa, bati la buluu, utepe, funguo, machozi, na jina la mfadhili ukutani. Kenya na Tanzania jambo hili limekuwa shughuli kamili. Wamo vijana wa mitandaoni, makanisa, misikiti, vikundi vya WhatsApp vya ndugu walio ughaibuni, na wanasiasa kila uchaguzi unaponukia. Wanaolipinga husema ni maonyesho. Wanaolitetea huwajibu kwamba hao wapinzani hawajawahi kumjengea mtu hata banda la kuku. Wote wanabishania roho ya mtoaji, na nyumba yenyewe haina anayeiuliza kitu.

Mimi sina ugomvi na kamera, na roho za watu siwezi kuzipima. Ninachodai ni hiki: hisani ya ujenzi kwetu inafadhili kitu ambacho maskini anacho tayari, yaani mikono, halafu inabana vile asivyoweza kuvipata peke yake: ardhi yenye maandishi, saruji ya kutosha, na muda wa saruji hiyo kukomaa. Kasi tunayoishangilia ndiyo inayokula vitu hivyo vitatu.

Inafaa kukumbuka kwamba kampeni kubwa kuliko zote za aina hii duniani ilifanyiwa majaribio huku kwetu Afrika, na haikuanza kama zawadi. Millard na Linda Fuller, mke na mume kutoka Marekani, waliishi Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire, kuanzia 1973 hadi 1976, wakijenga nyumba za matofali ya saruji pamoja na wenyeji. Wazo walikuwa wamelitunga pamoja na Clarence Jordan, mwanzilishi wa shamba la Kikristo la Koinonia, jimbo la Georgia. Nyumba isiuzwe kwa faida, mkopo usitozwe riba, mwenye nyumba atoe jasho lake kwenye ujenzi, na anachorejesha kila mwezi kiingie kwenye mfuko utakaomjengea jirani yake. Waliporudi kwao mwaka 1976 wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity katika mji wa Americus, Georgia. Moyo wa mpango ulikuwa ule mfuko unaozunguka. Mtu mwenye nyundo alikuwa nyongeza.

Lakini mfuko haupigiki picha. Mwaka 1984 Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, alikwenda New York na kundi la watu wa kujitolea kukarabati jengo la familia 19, na tangu hapo hadi alipofariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, dunia iliijua kazi hiyo kwa sura ya mzee aliyeshika nyundo. Matawi ya shirika yakaanza kushindana kwa kasi. New Zealand walisimamisha nyumba kwa chini ya saa 4 mwaka 1999; Alabama wakaivunja rekodi hiyo mwaka 2002 kwa saa 3 na dakika 26. Hizo ni nyumba za mbao, vipande vimekatwa mapema, msingi umekwisha kukomaa, na watu wamepangwa kama gwaride. Hata huko kwenye zana zote, kasi ina bei yake. Jacksonville, Florida, mwaka 2000 zilijengwa nyumba 85 kwa siku 17 katika mtaa wa Fairway Oaks. Miaka iliyofuata baadhi ya wakazi walilalamikia nyufa na ukungu, na mabishano ya kama kosa ni la ujenzi au la matunzo yakafika mikononi mwa wanasheria. Sisi tumeiga nyundo na saa, mfuko tukauacha.

Tuiangalie nyumba yenyewe sasa. Chukua ya kawaida ya hisani: mita 6 kwa 7, vyumba viwili na sebule. Kuta za nje zina urefu wa mita 26, za ndani kama 10, jumla 36. Ukipandisha mita 2.7 na kutoa milango na madirisha unabaki na eneo la mita za mraba 84 hivi. Tofali la inchi 6 linaingia 9 kwa mita moja ya mraba. Weka na za kuvunjika, unafika 800; ongeza kozi (mistari) tano za msingi zilizolazwa, jumla ni tofali 1,200. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 27, unahitaji mifuko 44 kwa tofali peke yake. Mfuko huo huo ukilazimishwa kutoa 45, unatumia 27 tu. Tofauti ni mifuko 17, fedha ambayo haifiki nusu ya bei ya mabati ya nyumba hiyo, na ndiyo inayotenganisha ukuta na keki ya mchanga. Njia ya kulijaribu tofali haihitaji maabara: liangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, au likwaruze kwa msumari. Likigawanyika vipande vichache vikubwa, limeiva. Likimwagika kama sukari, mtu ameibiwa, na mara nyingi mwizi ni yule aliyesema nyumba iishe Jumamosi.

Saruji haikauki kama nguo kambani. Inakomaa kwa maji. Tofali lililofyatuliwa leo linataka kivuli na kumwagiliwa angalau siku saba, asubuhi na jioni, na halifai kubebeshwa mzigo kabla ya wiki mbili; wiki nne ni bora zaidi. Zege nalo kwa siku saba hufikia kama theluthi mbili tu ya nguvu inayotarajiwa baada ya siku 28. Kwa hiyo nyumba ya tofali ya siku saba inawezekana kwa njia moja tu ya halali: mtu alikwisha kufyatua na kumwagilia tofali mwezi mmoja kabla ya video. Kama hakufanya hivyo, yule fundi anayelainisha lipu kwenye kamera anafunika tofali bichi. Lipu itapasuka kufuata viungo ndani ya kiangazi kimoja, na bibi ataambiwa ni joto.

Msingi ndipo haraka inapofanya dhambi isiyofutika. Kina cha sentimita 60 kinachotajwa na kila mtu ni cha kuanzia. Kipimo halisi ni kufika kwenye udongo mgumu usiochorongeka kwa ncha ya nondo. Penye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi, msingi mwembamba hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka hadi kona za madirisha zifunguke. Hapo ni kuuchimba udongo ule wote chini ya kuta na kujaza moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka, au kubadili kiwanja. Shimo la majaribio la mita moja na nusu linachimbwa na vijana wawili kwa asubuhi moja. Sijui kwa nini haliingii kwenye ratiba za kampeni hizi. Labda kwa sababu shimo tupu halina wa kulipigia makofi. Sakafu ipande walau sentimita 45 juu ya ardhi ya nje, na juu ya kozi ya mwisho ya msingi ipite karatasi ya kuzuia unyevu, la sivyo chumvi itapanda ukutani na kula rangi kutoka chini. Pwani kuna mtego wake: mchanga wa ufukweni ni wa bure, lakini chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege. Na kama kiwanja kilifurika mwaka wa El Nino, hakuna msingi wa hisani utakaokigeuza kilima.

Juu ya ukuta kuna mkanda, yaani boriti ya zege na nondo inayozifunga kuta zote pamoja, na ndio wa kwanza kuachwa bajeti ikibana, kwa kuwa ukishapigwa lipu hakuna anayejua kama upo. Kwa nyumba yetu ni nondo 14 za milimita 12, nne zikitembea pamoja kuzunguka kuta zote, na ringi kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto). Ndani ya mkanda zizamishwe nondo nyembamba zinazochomoza juu ili zikunjwe na kukumbatia mbao ya ukutani, na kenchi zifungwe kwenye mbao hiyo. Bila hivyo paa limekaa kwa uzito wake tu, na upepo mkali hauangushi paa, huliinua. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba inadanganya macho. Ukilikanyaga linabonyea, na msumari ukichezacheza tundu lake linapanuka. Msumari wa bati upigwe mgongoni mwa wimbi, kamwe usiingie bondeni maji yanakopita, na kingoni mwa paa misumari iwe karibu zaidi kuliko katikati kwa sababu upepo unaanzia hapo. Paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Nyumba nyingi za video zina paa lililonyolewa usawa wa ukuta, picha inapendeza, na mvua ya kwanza inaosha lipu hadi miguuni.

Zipo nyumba za mbao na bati, hasa Kenya, ambazo kweli zinaweza kusimama kwa siku tatu bila kumdanganya mtu. Zina lawama yao tofauti: nguzo zinafukiwa moja kwa moja kwenye udongo, na mchwa hawasomi jina la mfadhili. Nguzo iliyotiwa dawa, iliyosimamishwa juu ya kitako cha zege, inaongeza siku mbili tu.

Sasa, watu wa kujitolea. Mwaka 2014 mwandishi mmoja Mmarekani alisimulia jinsi safari ya shule yao ilivyokuja Tanzania kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto yatima, na jinsi wanaume wenyeji walivyokuwa wakiubomoa usiku ukuta ambao wanafunzi walikuwa wameujenga mchana, wakaupanga upya kabla hawajaamka. Kisa hicho kimetumiwa sana kuwacheka wageni. Lakini kijana wa Masaki, Dar es Salaam, au wa Kilimani, Nairobi, aliyeshika mwiko kwa mara ya kwanza anaharibu ukuta sawasawa na wa ng'ambo. Fundi mmoja mwenye saidia wawili anapanga tofali kama 150 kwa siku. Kwa hesabu hiyo kazi nzima ya kupanga tofali 1,200 ni siku nane za fundi mmoja, au siku nne za mafundi wawili. Hiyo si kazi inayokosa watu katika nchi zetu. Kila kijiweni kuna vijana wanaoitafuta. Ukileta watu 20 wa kujitolea kwenye nyumba ya mita 6 kwa 7 wanagongana, na unaongeza mafundi wa kuwasimamia.

Wanachoweza kufanya vizuri ni kile kisichohitaji ujuzi ila kinahitaji watu wengi na uvumilivu. Kubeba maji ya kumwagilia tofali kwa wiki mbili. Kuchekecha mchanga. Kujaza na kushindilia kifusi ndani ya msingi. Kuchimba mtaro wa maji ya mvua, kupaka rangi, kupanda miti ya kukinga upepo. Desturi za msaragambo na ujima zinalijua hilo tangu zamani: watu wanaleta mzigo na nguvu, fundi anabaki kuwa fundi. Rwanda, katika umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umati unapanga mstari na kupitishiana mawe na udongo, na ipo sababu ya umati kupewa kazi ya namna hiyo. Na mtu mwenye ujuzi adimu, mpima ardhi, mhandisi, wakili, asipoteze siku yake akibeba ndoo ili aonekane mnyenyekevu. Saa mbili za wakili kwenye ofisi ya kijiji zina thamani kuliko ukuta mzima.

Kwa sababu nyumba inafuata ardhi. Nyumba nyingi hujengwa kwenye kiwanja cha ukoo ambacho bado kiko kwa jina la babu aliyekufa zamani, au ambacho mjane alionyeshwa kwa kidole na shemeji. Kibanda cha miti hakina anayekitamani. Siku ya kukabidhiwa funguo, kiwanja kile kinapata thamani ghafla, na mpwa aliyekuwa mjini miaka 15 anakumbuka nyumbani. Mirathi ya kimila, kama ilivyoandikwa nchini Tanzania kwenye tamko la mwaka 1963, ilimpa mjane nafasi finyu sana, na vikao vya ukoo hadi leo hurejea fikra ile ile hata mahali ambapo sheria nyingine ingemlinda. Mfadhili amekwisha kuondoka. Hivyo bila kukusudia hisani imemnunulia mama mzee kesi.

Dawa yake haihitaji hati ya miaka 99. Kijijini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatoa hakimiliki ya kimila, ambayo inaweza kuandikwa kwa jina la zaidi ya mtu mmoja. Bibi na binti anayemtunza, kwa mfano. Mjini kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda lakini ni karatasi ya serikali. Kabla ya yote hayo, muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa na ndugu wenye uwezo wa kudai, mbele ya mwenyekiti na mtendaji, mipaka imetajwa kwa miti na majirani. Kama ndugu wanakataa kusaini kabla ya ujenzi, umepata jibu la bei rahisi. Waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam walijiunga kupitia shirikisho la watu maskini mijini, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 Chamazi, ndipo wakaanza kuzungumza juu ya nyumba. Walianza na ardhi kwa sababu walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi.

Zipo hoja nzito dhidi ya haya ninayosema. Ya kwanza: mfuko unaozunguka ni wa watu wenye kipato, hata kama kidogo, bibi wa miaka 80 hawezi kurejesha. Ni kweli, na huyo apewe bure bila maneno mengi. Tatizo ni pale tunapomtumia yeye kama kipimo cha wote. Mama lishe, bodaboda, mfua nguo, wanarejesha mikopo ya vikoba kila wiki kwa riba. Kuwapa nyumba bure ni kuwanyima wengine wanne ambao marejesho yao yangewajengea. Kambi Moto, katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, waliweka akiba, wakajifunza kumwaga wenyewe vipande vya dari, na wakaanza na nyumba ndogo inayoweza kupanda ghorofa kadiri mfuko unavyoruhusu. Iquique, Chile, msanifu majengo Alejandro Aravena na wenzake walizipa karibu familia 100 nusu ya nyumba: ile nusu ngumu, yenye msingi, paa, bomba na ngazi, na nafasi ya kujaza nusu ya pili wenyewe. Kwa mtu mwenye fedha ya nyumba moja na nusu, nusu tatu zilizo imara ni sadaka kubwa kuliko moja yenye rangi ya maziwa.

Ya pili ni ya wanaosema wapewe fedha mkononi. Nina heshima nayo. Utafiti uliofanyika Rarieda, kaunti ya Siaya, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba familia zilizopewa fedha bila masharti ziliezeka bati kwa wingi, bila kuelekezwa na mtu. Maskini anajua paa la nyasi linamgharimu kila mwaka. Ila fedha mkononi hainunui mkanda, kwa sababu mkanda hauuzwi dukani. Wala haimpi mjane uwezo wa kukaa meza moja na ukoo. Inafaa penye kiwanja salama na fundi mwaminifu. Pengine pote inahitaji mtu wa kuuliza maswali.

Ya tatu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote: hata kama ni mbovu, si bora kuliko kibanda? Hapana, si lazima. Kibanda cha miti kikianguka hakiui kwa urahisi kama ukuta wa tofali bichi usio na mkanda. Kibanda bibi anaweza kukikandika mwenyewe. Nyumba ya saruji iliyopasuka inataka fundi na mfuko wa saruji asioweza kuununua. Na baya zaidi, jina la bibi limekwisha kufutwa kwenye orodha ya wahitaji. Serikali ya mtaa, kanisa, watoto wa jirani, wote wanajua bibi alijengewa. Mwaka wa tatu akirudi kuomba, ataulizwa alifanya nini na nyumba aliyopewa.

Ikiwa haya yana uzito, kampeni inabidi ibadili mpangilio wake, na pengine hesabu yake. Wiki ya kwanza ni ya karatasi na shimo la majaribio. Ya pili ni ya kufyatua tofali mbele ya jamaa za bibi, mifuko ikihesabiwa wazi, na wale vijana wa kujitolea wakiandikwa zamu za kumwagilia. Kisha kusubiri. Msingi unaweza kuchimbwa na kumwagwa wakati tofali zinaiva, kwa hiyo mwezi haupotei. Choo kiingie kwenye bajeti kabla ya rangi, mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Nimesikia utetezi kwamba choo atajengewa na mfadhili mwingine, na ningependa kumjua mfadhili anayejitokeza kwa ajili ya choo peke yake. Kwa fedha ya nyumba kumi huenda zikatoka saba. Wachangiaji waambiwe hivyo tangu mwanzo, pamoja na sababu zake, na wengi wataelewa. Hawa ni watu waliojenga wenyewe kwa miaka, boma likisubiri kupauliwa, na wanajua saruji haina haraka.

Na sehemu ya kumi ya fedha isitumike. Ibaki kwa mweka hazina hadi masika ya kwanza ipite, ndipo fundi yule yule arudi na kuzunguka nyumba: kona za madirisha kama zimefunguka, misumari ya paa kama imelegea, maji kama yanasimama chini ya ukuta, shimo la choo kama limeingiliwa na maji, mbao kama zina vichuguu vya mchwa. Kamera ikitaka kuja siku hiyo, nayo ije.